Kabla ya Kupima Mate, Tuangalie Ufizi



Mwezi uliopita kamati ya hospitali yetu ilipokea barua ya furaha. Vijana wa parokia hii wanaofanya kazi mjini wamechanga fedha, nao wanataka kuisaidia idara yetu ya meno. Ninaposema idara, msifikirie jengo. Ni chumba kimoja chenye kiti cha zamani, koleo za kung'olea meno, na tabibu wa meno anayetujia siku mbili kwa juma. Mmoja wa vijana hao amesomea kazi ya maabara, naye ndiye aliyeandika barua. Anasema kwamba huko Ulaya siku hizi mtu anaweza kupimwa ugonjwa wa fizi kwa mate yake tu, na majibu yakatoka kabla chai haijapoa. Hivyo wanapendekeza fedha zote zinunue vipimo vya namna hiyo. Mwenyekiti wa kamati alinikabidhi ile barua akasema, "Nesi, wewe ndiwe mkongwe hapa. Tupe maoni yako kabla hatujakutana."

Maoni ninayo. Kwanza niliyaandika kwenye karatasi ya kamati, kisha nikaona kwamba jambo lenyewe haliihusu kamati peke yake. Linahusu kinywa cha kila nyumba. Basi naomba ukurasa wetu wa mwezi huu tuutumie kwa mate na fizi.

Mate yana nini ndani yake

Tumezoea kuyadharau mate. Lakini mtu mzima mwenye afya hutengeneza kati ya nusu lita na lita moja na nusu ya mate kila siku. Hutoka kwenye jozi tatu za tezi kubwa, moja mbele ya masikio, nyingine chini ya taya na ya tatu chini ya ulimi, pamoja na tezi ndogo nyingi zilizotapakaa ndani ya midomo na mashavu. Karibu asilimia 99 ya mate ni maji. Kilichobaki ni kidogo, lakini ndicho chenye kazi. Humo mna chumvichumvi na mna protini za aina nyingi sana. Moja huanza kumeng'enya wanga. Tafuna kipande cha mkate kwa muda bila kumeza na utasikia kinageuka kuwa kitamu. Nyingine ni za ulinzi. Mwaka 1922 Alexander Fleming, yule yule aliyekuja kugundua penisilini mwaka 1928, alitangaza huko London kwamba ute wa pua, machozi na mate vina protini inayopasua baadhi ya bakteria. Akaiita lisozaimu.

Lakini si kila kilichomo katika mate hutoka kwenye tezi. Kati ya jino na ufizi kuna mfereji mwembamba, mfano wa ule ulioko kati ya ukucha na nyama ya kidole. Majimaji machache kutoka kwenye damu hupenya humo, huingia kinywani na kuchanganyika na mate. Ufizi ukiwa mzima, majimaji hayo ni haba. Ukivimba, huongezeka, nayo huja yamebeba habari za kule yalikotoka, yaani chembe nyeupe za damu na protini zake. Ndiyo maana wataalamu wanasema kwamba mate yanaweza kusomwa.

Wengi wenu mmekwisha kuona kipimo cha namna hii. Sheria ya UKIMWI ya Tanzania ilirekebishwa mwaka 2019, mtu akaruhusiwa kujipima mwenyewe, na kimojawapo cha vipimo vya kujipima hutumia majimaji ya kinywani. Mtu hupangusa fizi za juu na za chini kwa kijiti, hukichovya kijiti kwenye kichupa, na baada ya dakika 20 husoma mistari. Kinachotafutwa pale si virusi bali ni kingamwili, yaani protini ambazo mwili umezitengeneza ili kupambana na virusi. Nalisema hili kwa sababu bado naulizwa kila mara: hapana, VVU haviambukizwi kwa mate. Na kipimo kile kikionyesha mistari miwili, ni lazima damu ipimwe tena kituoni kabla mtu hajaambiwa kwamba ameambukizwa.

Moto katika nyumba ya nyasi

Tuje kwenye fizi. Kila siku juu ya meno hujijenga utando laini wa bakteria. Ukipitisha ulimi kwenye meno asubuhi utausikia. Usipoondolewa, ufizi huvimba, huwa mwekundu na hutoka damu ukiguswa. Jambo hili lilithibitishwa waziwazi huko Aarhus, nchini Denmark. Mwaka 1965 daktari Harald Löe na wenzake walichapisha habari za watu 12 wenye fizi nzima, wengi wao wanafunzi wa udaktari wa meno, waliokubali kuacha kabisa kusafisha meno. Kati ya siku ya 10 na ya 21, wote walikuwa na fizi zilizovimba. (Sipendi kufikiria hali ya hewa katika darasa lile.) Kisha wakarudishiwa miswaki, na baada ya kama juma moja la kusafisha vizuri fizi zao zikapona.

Nawaomba msome tena mistari hiyo, kwa maana ina habari njema ambayo watu wengi hawaijui. Ufizi unaotoka damu katika hatua hii hupona, tena bila sindano wala vidonge. Lakini wengi wetu tukiona damu kwenye mswaki tunafanya kinyume: tunaogopa na kupapita pale mahali, au tunaacha kupasugua. Utando unaongezeka, damu inaongezeka, nasi tunasema, "Mimi fizi zangu ndivyo zilivyo, hata mama yangu alikuwa hivyo hivyo."

Ukiachwa miezi na miaka, utando hugeuka kuwa mgumu kama chokaa. Huo ndio ugaga. Ugaga huo hauondoki kwa mswaki, wala kwa mkaa, wala kwa majivu. Chini yake bakteria hujificha, ufizi huachana na jino, mfuko hufanyika, na mfupa unaoshika jino huanza kuliwa. Mfupa ulioliwa haurudi wenyewe. Jino huanza kucheza, na mwisho hutoka, mara nyingi bila hata kutoboka. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ilikadiria kwamba zaidi ya watu bilioni moja duniani wana ugonjwa wa fizi uliofikia kiwango kikali.

Nani anaula mfupa huo? Hapa ndipo penye jambo ambalo hata mimi nililielewa nikiwa mtu mzima. Sehemu kubwa ya uharibifu haifanywi na bakteria. Tunaufanya wenyewe, kwa ulinzi wetu wenyewe. Nyumba ya nyasi ikishika moto, majirani huja na mapanga na kukata paa upande mmoja ili moto usisambae. Moto ukiwa mdogo, wanakata kidogo, na kesho paa linaezekwa tena. Lakini moto ukiwaka kila siku kwa miaka kumi, na majirani wakaja kila siku na mapanga yao, siku moja utakuta nyumba haina paa wala nguzo. Chembe nyeupe za damu ndizo majirani hao. Mojawapo ya mapanga yao ni kimeng'enya kiitwacho MMP-8, ambacho hukata kolajeni, yaani zile nyuzi za protini zinazoushikilia ufizi na kulifunga jino kwenye mfupa.

Kipimo chenyewe

Hicho kimeng'enya ndicho kinachotafutwa katika vipimo ambavyo kijana wetu ameandika habari zake. Kwa miongo kadhaa Timo Sorsa na wenzake wa Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Finland, wamekichunguza, na kutokana na kazi ya namna hiyo vimepatikana vipimo vinavyotumika karibu na kiti cha mgonjwa. Mgonjwa anasukutua kwa maji safi, anatema kwenye kikombe kidogo, matone machache yanachujwa na kuwekwa kwenye kipande kinachofanana na kile tunachopimia malaria. Baada ya dakika kama 5 mstari wa pili unajitokeza au haujitokezi. Ukijitokeza, maana yake ni kwamba MMP-8 iliyo katika hali ya kufanya kazi imepita kiwango kilichowekwa, ambacho kwa kawaida ni nanogramu 20 katika mililita moja. Nanogramu moja ni gramu moja iliyogawanywa mara bilioni. Nastaajabu kila nikifikiria kwamba kijikaratasi kinaweza kuona kitu kidogo kiasi hicho.

Ziko protini nyingine zinazochunguzwa, kama interlukini-1 beta, ambayo ni ya wito wa hatari, na kalprotektini, ambayo huongezeka pale chembe nyeupe zinapojaa. Huko Japani wamejaribu hata vipande vinavyotambua damu kidogo ya kwenye mate ambayo jicho haliioni. Kazi inaendelea, nami siidharau hata kidogo.

Lakini kipimo cha mate kina mipaka yake. Mate ni mchanganyiko wa kinywa kizima, kwa hiyo yanaweza kusema kwamba kuna moto ndani, lakini hayasemi ni jino lipi. Hayasemi mfupa umeliwa kiasi gani; hilo hujulikana kwa picha ya eksirei, na kwa kijiti cha chuma chenye alama za milimita kinachoingizwa taratibu kati ya ufizi na jino. Kwenye ufizi mzima kijiti huingia milimita 1 hadi 3. Kikizama 4 na kuendelea, tunaanza kuwa na wasiwasi. Tena, kiwango cha protini hizi hubadilika, na kidonda kingine cha mdomoni kinaweza kukipandisha. Na kile kijiti cha chuma, kikisafishwa vizuri kwa mvuke, hudumu miaka mingi, lakini kipande cha kupimia mate hutupwa baada ya mtu mmoja.

Kosa langu

Sasa niwaeleze kwa nini jambo hili linaniuma. Mama mmoja wa kwaya, ambaye ameniruhusu kusimulia habari zake bila jina, alikuja kwangu mwaka 2006. Alikuwa na miaka arobaini na kitu. Alisema fizi zake zinatoka damu akipiga mswaki, na asubuhi anaamka na ladha ya chuma mdomoni. Nilikuwa na foleni ndefu mlangoni. Chuoni tulifundishwa kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C, na kwamba dalili yake ni fizi kutoka damu. Nikampa vidonge vya vitamini C, nikamwambia ale machungwa na mapapai. Sikumwambia afungue mdomo. Hilo ndilo kosa langu, nami nalitaja kama lilivyo.

Alirudi baada ya miezi minne. Nikampa vidonge tena, nikamgombeza kidogo, kwa kuwa nilidhani hakula matunda. Mara ya tatu alinionyesha mwenyewe: meno mawili ya mbele chini yanacheza. Nikampeleka kwa tabibu wa meno. Siku hizo hakuwa na vyuma vya kukwangua ugaga. Alikuwa na koleo tu. Akayang'oa. Mwaka uliofuata alikuja tena, safari hii kwa kiu isiyokwisha na kuamka usiku kukojoa. Tulimpima sukari, ikawa juu sana. Huenda ilikuwa imepanda tangu siku ile ya kwanza. Watu wenye kisukari kisichodhibitiwa hupata ugonjwa wa fizi mara mbili hadi tatu zaidi ya wengine, na fizi zenye usaha nazo huifanya sukari iwe ngumu kushuka. Yule mama alikuwa ameniletea kisukari chake mkononi, nami nikampa machungwa.

Bado anaimba, lakini amehamia mstari wa nyuma, na akicheka huinua khanga kufunika mdomo. Amebakiwa na meno kumi na moja.

Nimejiuliza mara nyingi: kama siku ile ningekuwa na kipimo cha mate, kingeniambia nini? Kingeniambia lile lile ambalo damu ilikuwa imekwisha kuniambia. Hata hivyo, nikisema kweli yote, huenda ningelisikia. Sisi wauguzi tuna udhaifu huu, kwamba tunaiamini karatasi yenye mistari kuliko maneno ya mgonjwa aliyekaa mbele yetu. Kwa hiyo kijana wetu hajakosea kabisa. Kipimo kinachoweza kufanywa na muuguzi yeyote wa zahanati, bila daktari wa meno, kingefaa sana katika kliniki ya kisukari, pale ambapo wagonjwa wanakuja kila mwezi na hakuna mtu anayewaangalia mdomoni.

Ila nauliza, mstari wa pili ukijitokeza, tutamwambia nini mgonjwa? Nilianza kazi ya uuguzi miaka ya mwanzo ya 1990. Wenye umri wangu mtakumbuka. Kipimo cha UKIMWI tulikuwa nacho, dawa hatuna. Tuliwaita watu mmoja mmoja kwenye kachumba, tukawaambia majibu, tukawapa maneno mazuri, wakaenda nyumbani kufa. Baadaye watu walikataa kupimwa, nasi tukawaita wakaidi. Dawa za kupunguza makali zilipoanza kutolewa bure na serikali kuanzia mwaka 2004, walikuja wenyewe kwa miguu. Ugonjwa wa fizi hauui kama UKIMWI, wala sivilinganishi. Lakini mtu akiambiwa fizi zake ni mbovu, kisha akaonyeshwa koleo peke yake, mwaka ujao hatafungua mdomo.

Ya kufanya nyumbani, na ya kudai hospitalini

Piga mswaki mara mbili kwa siku, na ya usiku kabla ya kulala ndiyo isiyosameheka. Tumia mswaki laini na dawa yenye floridi, na sugua pale jino linapokutana na ufizi, taratibu, kwa muda wa dakika mbili hivi. Mswaki mgumu unaosuguliwa kwa nguvu kama sufuria huumiza ufizi na kulila jino. Anayetumia mswaki wa mti asione haya. Ukitafunwa ncha hadi ulainike na kutumiwa kwa uangalifu, nao huondoa utando, ila ni kazi kuufikisha ndani na nyuma. Maji ya chumvi hutuliza, lakini hayaondoi ugaga. Vidonge vya rangi mbili vya kununua dukani bila kupimwa haviondoi ugaga, na vinawafundisha bakteria ukaidi.

Damu ikitoka, endelea kusafisha pale pale kwa upole. Baada ya juma moja au mawili inapaswa kupungua. Isipopungua, kuna ugaga au kuna jambo jingine, njoo hospitalini. Damu ikitoka yenyewe bila kuguswa, au ikiambatana na homa na alama za damu chini ya ngozi, usingoje hata juma.

Akina mama wajawazito, fizi zenu huvimba kwa urahisi kwa sababu ya mabadiliko ya homoni. Si kweli kwamba mtoto tumboni anayala meno ya mama. Kusafishwa ugaga wakati wa ujauzito kunaruhusiwa, mwambieni tu tabibu kwamba ni mjamzito. Wavuta sigara nao wana hatari ya pekee: tumbaku hupunguza damu inayofika kwenye ufizi, hivyo ufizi wao unaweza kuoza kimya kimya bila kutoa damu. Wao wasiitegemee dalili hii hata kidogo.

Na mtoto mdogo, hasa wa kati ya miaka 2 na 6, aliyedhoofika kwa kukosa chakula au aliyetoka kuugua surua, akiwa na ufizi unaotoka damu, wenye kidonda na harufu mbaya, hapo hakuna kungoja kipimo cha aina yoyote. Mleteni siku hiyo hiyo. Huo unaweza kuwa mwanzo wa noma, ugonjwa unaokula shavu na uso kwa muda wa siku chache. Shirika la Afya Duniani liliuingiza katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa mwezi Desemba 2023, na linasema kwamba bila matibabu huua hadi watoto 9 kati ya 10. Ukiwahiwa pale kwenye ufizi, dawa za kuua bakteria, usafi wa kinywa na chakula cha kumjenga mtoto huusimamisha. Mama anayemnusa mtoto wake mdomoni kila asubuhi anaweza kumwokoa.

Mkija kwetu, tudaini. Mkiwa kliniki ya kisukari na hatujawaambia mfungue mdomo, tuambieni, "Nesi, na fizi je?" Hatutakasirika, na atakayekasirika mleteni kwangu.

Orodha yangu kwa kamati nimekwisha kuiandika. Nimeanza na vyuma vya kukwangua ugaga, seti nne, ili moja ikitumika nyingine ziwe kwenye mvuke. Kisha vijiti vya kupimia fizi na vioo vidogo vya mdomoni, vya kutosha hata zahanati za vigangoni. Taa ya kuvaa kichwani, kwa maana umeme wetu mnaujua. Matengenezo ya otoklevu, ambayo tangu Kwaresima inavuja. Nauli na posho ya tabibu wa meno ili aje siku ya tatu katika juma, na siku hiyo asing'oe, asafishe tu. Vipimo vya mate nimeviandika mwishoni, kasha moja, kwa ajili ya kliniki ya kisukari, na nimeomba yule kijana aje mwenyewe kutufundisha kuvisoma. Kamati inakutana Jumamosi ya pili ya mwezi.